"Tupatie tu Kibwana wetu": dhana potofu ninazosikia kila ninapofundisha bajeti ya kaunti

Kazi yangu hapa Kenya ni kuwafundisha wananchi kusoma bajeti ya kaunti: fungu la maendeleo liko wapi, wadi yao imetengewa nini, mradi umekwama ofisi gani. Na kila mafunzo, kabla hata chai ya saa nne haijafika, lazima mzee mmoja wa safu ya nyuma anyooshe mkono. "Mwalimu, makaratasi haya yote ya nini? Sisi tupatie tu gavana kama Kibwana wa Makueni." Ukumbi unapiga makofi. Mimi nakunywa maji.

Nimechoka na makofi hayo.

Dhana: Makueni ilinyooka kwa sababu ilibahatika kupata mtu mwema

Wema wake simbishii mtu. Profesa Kivutha Kibwana alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mmoja wa vinara wa NCEC, lile vuguvugu lililodai mageuzi ya katiba mwaka 1997. Akaingia bungeni 2002, akawa waziri wakati wa Kibaki, akaangushwa kwenye uchaguzi wa 2007 na kubaki mshauri wa rais kuhusu katiba. Mwaka 2013 akachaguliwa gavana wa kwanza wa kaunti ya Makueni, huko Ukambani, 2017 akarudishwa.

Sasa tazama muhula ule wa kwanza. Mtu ni yuleyule, usomi uleule, uadilifu uleule. Yeye na madiwani wakavutana juu ya bajeti hadi kazi zikasimama. Septemba 2014 risasi zikalia kwenye bunge la kaunti mjini Wote, watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia saini ombi la kutaka serikali ya kaunti ivunjwe kwa kifungu cha 192 cha Katiba, na gavana mwenyewe akaunga mkono, ingawa kiti chake nacho kingekwenda. Tume ikaketi, ikasikiliza watu. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja, wakaambiwa warudi wakafanye kazi pamoja. Kama wema wa gavana ndio dawa, basi mwaka huo dawa ilikuwa imelala kabatini?

Kilichoipa Makueni jina ni utaratibu, na utaratibu wenyewe unachosha kuusimulia, ndiyo maana hakuna anayeupigia makofi. Vikao vilianzia kijijini, na vijiji ni zaidi ya 3,000. Watu wanataja shida zao, wanazipanga kwa uzito, wanachagua wa kuwasemea kwenye kikao cha juu yake, hivyo hivyo hadi wadi zote 30, kaunti ndogo 6, na mwisho kaunti nzima. Ukitaka maji na jirani anataka barabara, mnabishana hapo hapo chini ya mti; hamsubiri mheshimiwa aje kuamua. Mradi ukishapita, wenyeji wanachagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanywa sawasawa.

Hiyo saini ndiyo siri yote. Wala si mali ya Makueni peke yake: Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika fedha za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ni moja kwa kaunti zote 47.

Kwa nini basi kwingine haifanyi kazi? Niliwahi kuwatoa washiriki ukumbini, tukaenda kutazama darasa la chekechea lililokwisha "kukamilika". Si Makueni, na kaunti yenyewe siitaji. Mama mmoja alivua kiatu, akagonga sakafu kwa kisigino mara mbili. Vumbi likaruka, kipande cha sakafu kikang'oka kama ukoko wa ugali. Nikauliza nani yumo kwenye kamati ya mradi. Mikono mitatu. Nani ameona BQ, ile orodha ya vifaa, kazi na gharama za ujenzi? Hakuna. Mlisaini wapi? Wakatazamana, mmoja akacheka kwa aibu: "Kwenye boneti ya gari la kontrakta. Alikuwa na haraka." Na hao watatu, asubuhi ile, walikuwa miongoni mwa waliompigia mzee makofi.

Ushauri wangu ni uleule, hata wanaonijua wameuchoka: kabla ya jiwe la kwanza, kamati iombe BQ. Mtafute fundi wa kijijini awasomee: mifuko mingapi ya simiti, nondo za unene gani, mchanganyiko gani wa kokoto. Mkinyimwa BQ, msisaini. Basi.

Dhana: Kibwana alitoa matibabu ya bure

Hapana. MakueniCare, iliyoanza 2016, ilidai shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, na familia ikatibiwa katika vituo vya afya na hospitali za kaunti hiyo. Waliofika miaka 65 ndio hawakulipa. Ukipelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, kadi hiyo haikukusaidia. Gharama iliyobaki ilibebwa na bajeti ya kaunti, yaani kodi. Neno "bure" mwachieni mgombea jukwaani.

Dhana: Gavana mzuri angetujengea sekondari na kutuongezea polisi

Someni Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, barabara za kaunti, maji, kilimo. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu, Nairobi, polisi pia. Kibwana naye hakuvuka mpaka huo: kiwanda cha maembe cha Kalamba ni kilimo, hospitali ya mama na mtoto pale Wote ni afya, sheria ya kulinda mchanga wa mito ya 2015 ni mazingira. Kumlaumu gavana kwa upungufu wa walimu wa sekondari ni kumdai mwenye duka la dawa kilo ya nyama.

Dhana: Ushirikishwaji wa umma ni soda na nauli

Ndivyo mlivyozoeshwa. Anayekuja kwa nauli huondoka kwa nauli.

Dhana: Alianguka useneta 2022, kwa hiyo mfumo wake ulikuwa bure

Muhula wa pili ulikuwa umekwisha. Katiba hairuhusu wa tatu. Akagombea useneta, Dan Maanzo wa chama cha Wiper akamshinda. Ukambani mawimbi ya chama yana nguvu zake, na kura ya seneta haikuwa kura juu ya kamati za miradi. Tena nashangaa: wanaoleta hoja hii ndio walewale wanaoomba Kibwana wao.

Safari ijayo mzee wa nyuma akinyoosha mkono, sitajibu kitu. Nitawatoa ukumbini kwanza, twende kwenye lile darasa, kila mtu avue kiatu.