Kitabu cha picha cha tendo la kijasiri ni kitabu cha namna gani?

Ni kitabu cha watoto kinachosimulia jambo la hatari lililofanywa kweli na mtu aliyeishi kweli, na nusu ya masimulizi yake imo ndani ya michoro. Mtu kavuka bahari kwa ndege ya mbao na kitambaa, mwingine kapanda kilele kilichowashinda waliomtangulia. Ukiiondoa michoro, hadithi inapwaya. Ndiyo maana wasifu wa shujaa uliotiwa picha mbili tatu hauhesabiwi humu: maneno yake yanajitosheleza.

Vingi vya vitabu hivi vina kurasa 32, na sababu yake iko kiwandani. Karatasi kubwa ya mchapaji hukunjwa mara kadhaa kisha hukatwa, na mikunjo hiyo hutoa kurasa 8, 16 au 32. Kwa nafasi hiyo maisha mazima ya mtu hayaenei. Mwandishi huchagua siku moja, pengine saa moja, na utoto wa shujaa hupewa sentensi moja au hauguswi kabisa. Mimi naona ubano huo ni neema, kwa sababu mtoto hubaki na mtu mmoja mahali pamoja, akisubiri kuona kama atafika.

Kusubiri huko hutengenezwa kwa kufunua ukurasa. Chukua The Man Who Walked Between the Towers cha Mordicai Gerstein, kilichotoka mwaka 2003 na kupata mwaka uliofuata medali ya Caldecott, ambayo Marekani humpa mchoraji wa kitabu cha picha cha watoto. Kinamhusu Mfaransa Philippe Petit, aliyetembea juu ya waya kati ya minara pacha ya New York asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1974, akiwa na umri wa miaka 24, mita 400 hivi kutoka ardhini. Alikaa huko juu kwa takriban dakika 45, akienda na kurudi. Hadithi inapofika kwenye waya, kuna kurasa zinazokunjuka na kupanuka kuliko kitabu chenyewe. Hapo maneno hupungua, na jicho la mtoto ndilo linaloshuka lenyewe hadi barabarani.

Lakini kinachonifanya nikiheshimu zaidi kitabu hicho ni usiku uliotangulia. Waya wa chuma haukujifunga wenyewe. Petit na wenzake waliingia kwa siri, wakarusha mshale uliofungwa uzi mwembamba kutoka mnara mmoja hadi wa pili, kisha wakavuta kamba nene zaidi na zaidi mpaka waya mzito ukavuka. Mtoto akiuona mshale ule, anaelewa kwamba ujasiri una maandalizi, una mikono ya watu wengine, na una jasho. Kitabu kinachoruka sehemu hiyo na kumwonyesha shujaa akiwa tayari angani kinamnyima mtoto sehemu kubwa ya ukweli. Vilevile kisifiche kwamba Petit aliposhuka alikamatwa na polisi.

Michoro nayo hudaiwa ukweli, sawasawa na maneno. Rubani Louis Blériot aliporuka kwa ndege kutoka Ufaransa hadi Uingereza tarehe 25 Julai 1909, alitua karibu na Dover kwa kishindo kilichovunja propela. Mchoraji akiiweka ndege ile majanini ikiwa nzima, amedanganya, hata kama kila sentensi iliyo chini ya mchoro ni sahihi. Mazungumzo ya kubuni yana ugumu wake pia. Waandishi waangalifu huyapunguza, kisha kwenye ukurasa wa mwisho huweka maelezo ya kile kinachojulikana na kile walichokikisia. Mzazi asiufunge ukurasa huo bila kuusoma, kwani maswali mengi ya mtoto hujibiwa hapo.

Swali gumu ni mahali pa kukomea. Annie Edson Taylor, mwalimu, alijifungia ndani ya pipa na kushuka nalo kwenye maporomoko ya maji ya Niagara tarehe 24 Oktoba 1901, siku aliyotimiza miaka 63. Alitoka hai, akiwa na jeraha kichwani. Alikuwa ametarajia tendo lile limpatie fedha za kutunza uzee wake, lakini alikufa maskini mwaka 1921. Kitabu kikiishia ukingoni mwa mto, watu wakishangilia, kitauzwa vizuri, na mtoto atalala na furaha. Hata hivyo, mtoto wa miaka saba anaweza kabisa kuambiwa kilichofuata. Atauliza kwa nini hakupata fedha, na hilo ni swali zuri kuliko makofi.