Tochi ya haidrojeni ni nini, na kwa nini moto wake hurudi nyuma

Ukipita Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwa mafundi wa rejeta, hukosi kumkuta mtu amechuchumaa, mkono mmoja umeshika waya wa lehemu, mwingine umeshika kitu anachokiita tochi. Si tochi ya kumulika. Ni bomba jembamba lililoungwa mpira unaotoka kwenye mtungi wa gesi, na ncha yake hutoa mwali wa bluu unaovuma. Tochi ya haidrojeni ni hiyohiyo kwa umbo. Tofauti yake ni kwamba gesi haikununuliwa kwa wakala. Imetolewa kwenye maji, kwa umeme.

Kitendo cha kuitoa kinaitwa elektrolisisi. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikana, na umeme wa betri ukipita ndani yake huzibandua: haidrojeni inatokea kwenye ncha ya hasi, oksijeni kwenye ncha ya chanya. Chukua glasi ya maji uliyotia magadi kidogo, chovya risasi mbili za penseli zilizofungwa kwenye betri ndogo ya redio ya volti 9, uangalie kwa makini. Vipovu vitapanda pande zote mbili, lakini upande wa hasi vitakuwa vingi zaidi, kama mara mbili. Mara mbili hiyo ndiyo H2O unayoiona kwa macho, haidrojeni sehemu mbili na oksijeni moja.

Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, waliliona jambo hilo London mwaka 1800, muda mfupi tu baada ya kupata habari za betri ya Mtaliano Volta, betri ya kwanza kubuniwa. Jina elektrolisisi lilikuja baadaye, mwaka 1834, kwa Michael Faraday.

Sisi wa huku Nyanda za Juu tumeishi na elektrolisisi bila kuiita kwa jina. Betri la sola linapochajiwa kupita kiasi, tunasema linachemka. Mara nyingi wala halijapata moto wa kuchemka. Ni maji yake yanayochanguliwa kuwa gesi, ndiyo maana kila baada ya muda unaongeza maji ya betri. Nikiwa Uyole, jirani yangu alifungua vifuniko vya betri usiku ili aone maji yamefika wapi, na kwa kuwa taa ilikuwa imezimika, akawasha kibiriti. Ulisikika mlio mmoja tu. Bati halikung'oka, lakini ubavu wa betri ulipasuka, na asidi ikamrukia kifuani na shingoni. Miwani ndiyo iliyomwokoa macho. Gesi iliyomfanyia vile ingejaa kikombe tu.

Hapo ndipo penye kiini cha dhana yenyewe, na wengi wanaotengeneza tochi hizi nyumbani wanakiruka. Gesi ya mtungi wa jikoni, ikiwa ndani ya mtungi, haiwezi kuwaka, kwa sababu mle ndani hamna oksijeni. Inawaka ikitoka nje na kukutana na hewa. Gesi ya elektrolisisi, pale bamba zote, yaani vipande vya chuma vya hasi na vya chanya, zinapokaa kwenye chombo kimoja, hutoka haidrojeni na oksijeni zikiwa zimeshachanganyika, tena kwa kipimo kilekile kinachotakiwa ili iwake yote isibaki hata chembe. Haingoji hewa ya nje. Moto ukishaikuta mdomoni mwa tochi, hakuna kinachouzuia kuingia ndani ya bomba, kupita kwenye mpira na kufika chomboni. Mafundi wana neno zuri la hili: moto umerudi.

Na unarudi kwa kasi. Mwali wa gesi ya mtungi iliyochanganyika na hewa iliyotulia husogea chini ya nusu mita kwa sekunde. Wa mchanganyiko huu hukimbia karibu mita 10 kwa sekunde. Ukigeuka kuwa mripuko kamili ndani ya bomba, unafika karibu mita 2,800 kwa sekunde, yaani kama mara nane ya mwendo wa sauti. Ukisikia mlio, umeshachelewa.

Wazee wa fani hii walilijua. Robert Hare wa Philadelphia, aliyebuni tochi ya namna hii mwaka 1801, aliziweka gesi mbili mbalimbali, zikakutana mdomoni tu. Miaka kama kumi na mitano baadaye Edward Clarke wa Cambridge akatumia gesi iliyokwisha kuchanganywa na kushindiliwa kwenye chombo kimoja, na chombo kikampasukia. Kijana anayefunga chupa ya plastiki leo kwa gundi na klipu za mpira anarudia kosa la Clarke, siyo busara ya Hare.

Mbona basi watu wanaitaka? Kwa sababu mwali wake una joto kali, kama nyuzi 2,800 za Selsiasi, hali dhahabu huyeyuka kwenye 1,064 na shaba kwenye 1,085. Ni mwembamba kama sindano na hauachi masizi. Masonara hutumia mashine za kiwandani za aina hii kuunga minyororo na pete, na ukifikiria dhahabu inayotoka Chunya, utaelewa kwa nini kijana wa Mbeya aliyeiona kwenye simu anaitamani.

Sasa fanya hesabu kabla hujatamani sana. Ampea moja ikipita kwenye chombo kimoja kwa saa nzima hutoa gesi zote mbili, jumla kama lita 0.6. Chaja ya ampea 10 itakupa lita 6 kwa saa, sawa na kikombe kile kidogo cha kahawa kwa dakika moja. Hiyo haizibi rejeta. Ndiyo maana mashine halisi hupanga vyumba vingi kwa mfuatano, umeme uleule ukapita kila kimoja na kutoa gesi kila unapopita. Maji hayaishi haraka: lita moja inatoa gesi zaidi ya lita 1,800. Kinacholiwa ni umeme, na nishati utakayoipata kwenye moto haifiki ile uliyoiingiza. Kwa hiyo wanaouza vifaa vya kuendeshea gari kwa maji, waache waendelee na safari yao.

Maji matupu hayapitishi umeme vizuri, lazima yatiwe kitu. Chumvi ya mezani usiiguse. Upande wa chanya utatoa klorini, ile harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na klorini chumbani inachoma mapafu. Bamba za chuma kisichoshika kutu zikiliwa na chumvi, maji hugeuka njano au kahawia na huweza kubeba kromiamu, ambayo aina yake moja ni sumu ya saratani. Hayo si maji ya kumwaga kwenye bustani ya mboga. Wenye mashine hutumia kostiki, ya jamii ileile ya watengeneza sabuni. Inafanya kazi vizuri, ila tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Na yupo anayeunga waya moja kwa moja kutoka ukutani kupitia dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, bila transfoma ya kupunguza volti. Huyo ameweka volti 230 ndani ya maji.

Kinga kuu ya moto unaorudi ni chupa ya maji katikati ya chombo na tochi. Gesi inaingia kwa chini, inapanda kama vipovu, inatokea juu. Moto ukirudi unafika usoni pa maji na kukwama, maana vipovu vimetengana. Chupa yenyewe iachiwe nafasi ndogo sana ya gesi juu ya maji, isiwe ya kioo, na kifuniko chake kiwe cha kuruka kabla chupa haijapasuka. Vizuia moto vinavyouzwa kwa mitungi ya kuchomelea vimeundwa kwa gesi isiyochanganywa na oksijeni, usiviegemee peke yake. Na hata vyote hivi vikiwepo, mimi chombo cha kujiundia nyumbani nisingekifanyia kazi. Kuziba rejeta, gesi ya mtungi inatosha.

Kuna na la msimu wa baridi. Gesi hii haina harufu, na mwali wa haidrojeni mchana hauonekani vizuri, mtu anaweza kuupitishia mkono. Kwenye hewa ya kawaida haidrojeni inashika moto kuanzia asilimia 4 hadi 75, na cheche inayotosha kuiwasha ni ndogo kuliko zile zinazolia kwenye sweta ukilivua usiku wa Juni, Makete au Mafinga. Msimu huohuo ndio tunaofunga madirisha. Haidrojeni ni nyepesi kama mara 14 kuliko hewa, inapanda na kukusanyika chini ya dari, mahali pasipofikiriwa na mtu.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu alinijia na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imefungwa kwa mkono, ndani inaonekana tupu.

"Shikamoo mjomba. Nimeijaza tangu jana, nataka nikuonyeshe leo usiku inavyowaka."

"Marahaba. Umeijaza nini?"

"Haidrojeni."

"Na oksijeni uliitoa wapi ukaitupa?"

Akanyamaza. Bamba zake mbili zilikuwa kwenye kopo moja, na mpira mmoja ukatoka humo. Nikamwambia aishike taratibu, asiitikise, simu aiache mezani. Tukatoka nje hadi chini ya mparachichi, mbali na jiko la mkaa la mama yake, akakifungua kifuniko mwenyewe, akarudi nyuma hatua tatu, tukaiacha wazi mpaka giza lilipoingia.