Mjusi wa Tendaguru kwenye picha: kipi ni mfupa, kipi ni cha kubuni

Kila tukipeleka maonyesho shuleni lazima kuna mtoto atauliza, "Mwalimu, hii picha nani alipiga?" Wakubwa wanacheka ila mimi huwa napenda sana hilo swali kuliko yote, maana jibu lake ni kwamba hakuna aliyepiga. Mnyama mwenyewe alikufa miaka kama milioni 150 iliyopita. Kila picha ya dinosaria unayoiona, iwe kwenye kitabu, kwenye begi la shule, kwenye status ya mtu, ni mchoraji amekaa chini akachukua mifupa kidogo, akaongeza hesabu, afu palipobaki wazi akajaza vya kichwani mwake. Kujaza sio dhambi, bila kujaza tungebaki na picha za mifupa tu na watoto wangekimbia banda letu. Shida ni pale mtazamaji anapoondoka anadhani vyote ni mfupa.

Tuanze na wa kwetu. Pale Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba visukuku, yaani mifupa iliyogeuka mawe, zaidi ya tani 200, na naposema walichimba elewa kwamba majembe walishika watu wa Lindi, mamia yao, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na mizigo ilitoka kilimani mpaka bandarini Lindi kwa vichwa na mabega, siku kadhaa za kutembea kwa miguu. Mmoja wa waliotoka humo ndo yule mkubwa anayesimama kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, mpaka leo. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan, yaani twiga jitu. Sisi tunamwita mjusi wa Tendaguru, hata bungeni wanamwita hivyohivyo.

Na hapo kwenye neno mjusi ndo kazi inaanzia. Jina nalo linachora. Ukimwambia mtu achore mjusi mkubwa atakuchorea mjusi kafiri wa ukutani aliyevimba, miguu imetanuka pembeni, mkia unaburuzwa chini. Usicheke, maana hata mabingwa walifanya hivyo: Berlin walipomsimamisha mwaka 1937 miguu yake ya mbele iliwekwa imepinda viwiko nje kama mjusi anayepiga pushapu, na mkia chini. Mifupa ni ileile, mikono ni ya watu waliozoea kuamini dinosaria ni mjusi. Wakaja kumfungua na kumsimamisha upya, 2007 akarudi ukumbini miguu imenyooka chini ya mwili kama ya tembo, mkia hewani, kimo mita 13.27. Mnyama hajabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni wazo.

Kwenye michoro ilikuwa mbaya zaidi. Kwa miaka mingi huyu wetu alichorwa ndani ya maji, mwili wote umezama, kichwa tu ndo kimechungulia juu kama mzamiaji na mrija wake. Zdeněk Burian, fundi wa Czech ambaye kwa brashi sijaona wa kumfikia, alichora hivyo miaka ya 1940 na picha ikazunguka dunia nzima. Sababu walikuwa nazo: matundu ya pua kwenye fuvu yako juu kabisa, na mwili mzito vile walidhani nchi kavu miguu ingeshindwa. Inaingia akilini eti. Ila muulize mtu yeyote anayezama pwani huku na mrija mdomoni, ukishuka kidogo tu kifua kinagoma kuvuta. Huyu kifua chake kingekuwa kama mita 7 chini, na maji ya mita 7 yanabana kwa uzito wa tani 7 kila mita moja ya mraba, sasa mapafu yangefungukaje? Mwanasayansi Kenneth Kermack aliliandika hilo mwaka 1951, lakini picha nzuri haifi kirahisi, vitabu vya watoto viliendelea kumzamisha miaka mingi baadaye. Na hizo pua zenyewe, 2001 mwanasayansi Lawrence Witmer akaonyesha kwamba tundu la mfupani kuwa juu haimaanishi pua ya nyama ilikuwa juu, yaelekea ilikaa mbele karibu na mdomo.

Sasa kuna zoezi nalifanya na wanafunzi. Nawapa mifupa ya jogoo iliyochemshwa ikakaushwa vizuri, kichwa mpaka miguu, siwaambii ni nini, nawaambia choreni mnyama aliye hai. Mwaka jana binti mmoja wa darasa la sita alichora kiumbe chembamba kama fimbo, ngozi imegandana na mfupa, mdomo umejaa meno (meno aliyatoa wapi sijui, labda aliona ni dinosaria akadhani lazima yawepo). Hakuna aliyechora upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Watachoraje wakati upanga hauna mfupa? Nikamuuliza kijana mwingine anayetoka kwa wafugaji, nundu ya ng'ombe ina mfupa? Akafikiri, akasema ile ni nyama na mafuta tupu. Basi mtu wa miaka milioni ijayo akikuta mifupa ya ng'ombe wenu atamchora hana nundu, na atakuwa na uhakika kweli.

Hili sio mzaha, lilishatokea. Edmontosaurus ni dinosaria wa Amerika ya Kaskazini ambaye mafuvu yake yalijulikana siku nyingi na wachoraji wakamchora kichwa laini, kipara. 2013 ikatangazwa kwamba Alberta, Kanada, amepatikana mmoja ngozi ya kichwa imehifadhika, na juu yake ana upanga wa nyama kama jogoo, chini yake mfupa hauonyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo mchoraji anayembandika dinosaria nyama ya shingo au kifuko cha koo hadanganyi zaidi ya anayemchora kama mifupa iliyovalishwa soksi. Wote wawili wanabuni, tofauti ni kwamba wa pili hajui kama anabuni.

Waingereza walilipata hili mapema. Sanamu za dinosaria za Crystal Palace pale London, zilizofunguliwa 1854, alizitengeneza mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins kwa ushauri wa mwanasayansi Richard Owen, huyohuyo aliyebuni jina dinosaria mwaka 1842. Walijivuna mpaka 31 Desemba 1853 wakaandaa karamu ya wasomi ndani ya umbo la dinosaria anayeitwa Iguanodon, watu wanakula na kunywa tumboni mwa mnyama. Pembe wakamwekea puani kama kifaru. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, wakakutana na mifupa kamili na pembe ikajulikana ni kidole gumba. Mimi siwacheki, walikuwa na meno na vipande tu mkononi, na sanamu zao bado zipo bustanini na pembe zao puani.

Rangi ndo watu wananiuliza sana. Hapo kuna habari nzuri: kwenye manyoya ya dinosaria yaliyohifadhika vizuri vimebaki vijifuko vidogo sana vya rangi, ukiviweka kwenye darubini kali, vya mviringo vinaelekea kwenye wekundu, virefu vinaelekea kwenye weusi. Kwa njia hiyo 2010 ikajulikana Sinosauropteryx wa China alikuwa na mkia wa milia, hudhurungi nyekundu na nyeupe. 2016 ikaja ya dinosaria mwingine, Psittacosaurus, huyu walisoma rangi kwenye ngozi, mgongo umekolea rangi tumbo limepauka, ujanja uleule wa swala wa kuua kivuli chake, na mchongaji Bob Nicholls akamtengeneza mzimamzima akifanya kazi na mwanasayansi Jakob Vinther. Hiyo ndo picha yenye ushahidi. Ila Giraffatitan wetu rangi yake hakuna anayeijua, na kile kijivu cha tembo unachokiona kila sehemu nacho ni kubuni, kubuni kwa uvivu tu. Mtoto akimpaka madoa ya twiga mwache.

Ninachokataa ni kupingana na kinachojulikana. Picha za AI zinazotumwa kwenye magrupu sasa hivi zimejaa hayo: dinosaria wa Tendaguru amesimama kwenye savana, mbuyu nyuma yake, na volkano inawaka (volkano haikosekani jamani). Wakati wake nyasi hazikuwepo duniani, mibuyu haikuwepo, maua hayakuwepo. Pale palikuwa ukanda wa pwani wenye madimbwi ya maji ya bahari na tope, na upande wa bara misitu ya miti ya jamii ya misonobari.

Nayasema haya na mimi sijatakasika. Kuna ofisi moja niliwahi kufanya kazi zamani, tulichapisha bango kubwa la mjusi wetu, mimi ndo niliyepitisha, kumbe chini ya miguu yake mchoraji kaweka nyasi nzuri kabisa kama uwanja wa mpira. Hela ya kuchapa upya hatukupewa. Ikabidi tukae jioni na marker pen tukazigeuza nyasi zote kuwa kangaga, jani moja moja, na ukilisogelea lile bango leo, kwenye kisigino cha mguu wa nyuma kuna kifungu cha nyasi tulikisahau.