Kwa nini fundi wa masteringi huukataa wimbo uliopandishwa sauti?

Kikundi cha kasida cha Lamu kimemaliza kurekodi. Matwari yamelia vizuri, waitikiaji wamepatana, na kijana wa kompyuta amezichanganya sauti hadi zikakaa. Kabla faili haijatumwa kwa fundi wa masteringi, mzee mmoja anasema, "Ipandishe kidogo, mwanangu, isije ikaonekana nyonge." Kijana anaweka limita, yaani kifaa cha kompyuta kinachobana sehemu za juu za sauti ili wimbo mzima upandishwe, mwisho kabisa, wimbo unajaa chumba, na wote wanaridhika. Kesho yake jibu linarudi: nitumieni ile ya kabla ya limita.

Masteringi ni hatua ya mwisho kabla wimbo haujatoka. Fundi hupokea wimbo ukiwa faili moja, kushoto na kulia, akausawazisha, akaupa ukubwa wake wa mwisho, na kama ni albamu akahakikisha msikilizaji hakimbilii kitufe cha sauti kila wimbo unapobadilika.

Wengi wamesikia kwamba sharti ni "kuacha desibeli 6" (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) tupu chini ya mpaka wa juu, wakadhani fundi anataka faili yenye sauti ndogo basi. Kwa hiyo huweka limita, wakapata ule unene wanaoupenda, kisha wakaishusha faili nzima hadi vilele vyake, yaani sehemu zinazopanda juu kuliko zote, viguse -6. Sharti limetimizwa! Ila fundi hakuwa na shida ya kushusha sauti. Hiyo ni kazi ya kitufe kimoja, na anacho. Alichokuwa akikitaka ni vilele vyenyewe, na hivyo havimo tena.

Sauti ya dijitali ina mpaka wa juu uitwao 0 dBFS. Katika faili ya biti 16 au 24 (biti ni tarakimu za kuandikia kila namba ya sauti), juu ya hapo hakuna namba ya kuandika, kwa hiyo wimbi linalovuka hukatwa likawa bapa. Fikiria boriti za mikoko katika nyumba za kale za Lamu, ambako urefu wa boriti ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Ukizikata boriti zako ziingie chumba chembamba, kisha ukabadili nia ukazipeleka chumba kipana, chumba kitakuwa na nafasi tele na boriti zitabaki fupi. Kuishusha faili baada ya limita ni kuhamia chumba kipana na boriti zilizokwisha katwa.

Kwa haki, limita si msumeno mtupu. Kilele kinapokuja huishusha sauti upesi, kikipita huiachia. Kwa wimbo mtulivu wa udi huenda usitambue kitu. Kwa matwari ni balaa. Kiganja kinapoipiga ngozi, kwenye skrini husimama kilele chembamba cha milisekunde chache, na ndicho kinacholifanya sikio lijue kwamba huo ni mkono juu ya ngozi. Limita hukishusha, na kwa kuwa mwimbaji yumo katika faili hiyo hiyo, naye hushushwa pamoja nacho. Pigo likifuata pigo, sauti yake huanza kupanda na kushuka kwa mdundo ambao hakuuimba.

Na hiyo 6 yenyewe? Haina muujiza. Kila biti moja hubeba takriban desibeli 6, ndiyo maana biti 16 hufikia kama desibeli 96 na biti 24 kama 144. Ukiacha desibeli 6 tupu katika faili ya biti 24, umepoteza biti moja, na feni iliyokuwa ikizunguka chumbani siku ya kurekodi ina kelele kubwa mara nyingi kuliko hasara hiyo. Vilele vikiwa -3 au -10, fundi hatajali. Faili ya biti 32 ya floti, ambayo namba zake zinaweza kuvuka mpaka ule, ni ya ajabu zaidi: huhifadhi hata vilele vilivyovuka sifuri, na vikishushwa hurudi vizima. Ila kilichokatwa kwenye maikrofoni siku ya kurekodi hakirudishwi na faili yoyote.

Kinachochekesha ni kwamba ule unene hauna faida hata mwisho wa safari. Spotify, isipobadilishwa na msikilizaji, huzisogeza nyimbo kwenye takriban -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Wimbo uliovimbishwa hushushwa usawa wa wenzake, nao tayari hauna mapigo.

Kuna limita au kompresa (ndugu yake mpole zaidi) moja isiyofaa kuondolewa kibubusa: ile ambayo kijana alichanganya akiisikiliza tangu mwanzo. Ukiitoa, uwiano wote unaweza kuvurugika. Hapo tuma faili mbili, yenye nayo na isiyo nayo, ukiandika kwenye jina ipi ni ipi.

Yaliyobaki ni mepesi. Tuma WAV, faili isiyobanwa, si MP3, ambayo hupunguzwa kwa kutupa sehemu ya sauti. Na MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV ni MP3 ile ile, imenenepa tu. Kama mlirekodi kwa kilohezi 48, yaani sauti ilipimwa mara 48,000 kwa sekunde, acha 48. Kama ni 44.1, acha 44.1. Usikate mwanzo na mwisho karibu mno: mwangwi wa udi umalizike wenyewe, na sekunde moja au mbili za ukimya wa chumba kabla ya neno la kwanza humpa fundi sampuli ya kelele anayotakiwa kuipunguza. Ukitaka kumwonyesha wimbo wa mtu mwingine ambao sauti yake unaipenda, huo mpelekee hata kwa MP3.