"Amefilisika huyo": uvumi wa mtaani na mahali rekodi zenyewe za ufilisi ziko, kwa watu wa Nakuru, Kisumu na huku Western

Mtu akifunga duka wiki mbili tu, iwe ni soko la Kibuye Kisumu ama Kenyatta Avenue ya Nakuru, mtaa unakuwa ushamfilisi. Ukiuliza ni nani ameona karatasi, kimya. Na wenye wanahitaji hiyo karatasi kabisa, wale walimpea mali kwa mkopo, ama mwenye anataka kununua shamba lake, ama mwenye anakaribia kuingia naye biashara, ndio huishia kumlipa broka wa nje ya korti kwa kitu ambacho kikubwa chake kinasomwa bure kwa simu. Hizi ndizo stori nasikia sana.

"Hizo ni siri za korti, bila wakili huoni kitu."

Si kweli hata kidogo. Ufilisi unatangazwa makusudi ndio kila mdai ajue na alete deni lake mezani, sasa ukifichwa utasaidia nani? Shida ni kwamba rekodi haziko mahali pamoja. Kuna Gazeti Rasmi la Kenya, ile Kenya Gazette ya kila Ijumaa, kuna faili ya korti, halafu kuna rejista za Ofisho Risiva (Official Receiver), afisa wa serikali anayesimamia ufilisi chini ya BRS (Business Registration Service), wale wale wa kusajili kampuni. Kila moja inakuambia kipande chake, na mtu akiangalia moja tu akasema "nimecheki, yuko sawa," huyo hajacheki.

Mimi ningeanza na Gazeti kwa sababu halina gharama. Matoleo yako kwa tovuti ya Kenya Law, ile ya sheria na hukumu za Kenya, ya miaka nenda miaka rudi, na unaweza kutafuta jina. Tangazo la ufilisi kwa kawaida linakupea jina la mdaiwa, anwani, korti gani, namba ya kesi na tarehe, na hiyo namba ya kesi ndio dhahabu yenyewe, iandike mahali, kwa sababu rejistri bila namba utasumbuka. Tafuta jina kwa kila njia unayoweza kufikiria, majina mawili, matatu, yakiwa yamegeuzwa, pia jina la biashara, maana huku kwetu mtu anajulikana sokoni kwa jina moja na kitambulisho kinasema lingine. Na usishtuke haraka ukiona jina linafanana, wakina Otieno na wakina Wanjala ni wengi, linganisha anwani na namba ya kitambulisho kama unayo kabla hujamwaga mtama kwa kuku wengi. Kama ni kesi ya zamani, kabla ya sheria mpya ya ufilisi ya 2015 kuchukua nafasi ya ile ya zamani, Bankruptcy Act (Cap. 53), maneno ya tangazo yatakuwa tofauti kidogo, usidhani ni kitu kingine.

"Korti ni korti, enda hiyo iko karibu."

Hapa ndio watu hupoteza siku nzima na nauli. Mambo ya ufilisi ni ya Mahakama Kuu, kwa hivyo ukienda kwa hakimu Molo ama Winam utarudi mikono mitupu. Mahakama Kuu iko Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Eldoret na kwingine, lakini hata hapo usidhani kwamba kwa sababu biashara ilikuwa kwenu basi faili pia iko kwenu. Nakumatt ilianzia Nakuru, lakini ilipowekwa chini ya msimamizi (administrator) Januari 2018 kesi ilikuwa Milimani, Nairobi. Mumias Sugar nayo, kiwanda kiko Kakamega Kaunti na wakulima wa miwa wako hapo hapo, benki ya KCB iliyokuwa inaidai ikaleta mrasimu (receiver) Septemba 2019, na 2022 Jaji Alfred Mabeya akamtoa msimamizi akaweka mwingine, na kesi hiyo ilikuwa Milimani tena. Mkulima angeenda rejistri ya Kakamega na kuambiwa hakuna faili, angetoka akiamini hakuna kesi.

Ndio maana ni vizuri kwanza utafute kwa sehemu ya maamuzi ya Kenya Law, bure pia, uone kesi ilikuwa stesheni gani. Lakini jua mle ndani ni hukumu na rulingi tu, ombi lenyewe na hati za kiapo hazimo, na kesi ambayo iliisha bila jaji kuandika kitu kirefu inaweza kukosekana kabisa. Kukosa jina Kenya Law si cheti cha usafi.

Ukishakuwa na namba na stesheni, unaenda rejistri ya Mahakama Kuu na kuomba kuperuse faili, yaani kuisoma pale pale. Unaandika barua fupi kwa Naibu Msajili, unataja namba ya kesi na kwa nini unataka kuiona, unatengenezewa invoisi, unalipa kwa simu. Ukitaka nakala zenye muhuri wa korti, hizo zinalipiwa kando, na hizo ndizo benki ama wakili wa upande mwingine atakubali, picha uliyopiga na simu atakucheka. Mtu akikuambia umtumie "ya chai" ndio faili ipatikane, omba risiti ya korti uone vile atabadilisha mada.

"Siku hizi kila kitu kiko onlaini, e-filing imemaliza hayo."

Nusu nusu. E-filing ilianza Nairobi 2020 na ikafika nchi nzima 2024, na kesi zenye herufi E kwa namba ziliingizwa kwa mtandao. Lakini wenye wanaona karatasi zote mle ndani ni wahusika na mawakili wao, wewe mtu wa nje bado utapitia rejistri. Faili za karatasi za miaka ya nyuma ndio usiseme, hizo ni kungoja mtu aingie stoo.

"Ako CRB, kwa hivyo ni muflisi."

Hii ndiyo inanikera kuliko zote, na ndiyo inaharibia watu majina. CRB (credit reference bureau) ni kampuni binafsi zenye leseni ya Benki Kuu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, zinaweka historia ya vile unalipa mikopo. Mtu anaweza kuwekwa huko kwa deni dogo la app ya simu na hajawahi kuona mlango wa Mahakama Kuu. Muflisi ni mtu ambaye korti imetoa amri juu yake, mali yake ikatoka mikononi mwake ikaenda kusimamiwa kwa niaba ya wadai. Vile vile dalali wa korti akibeba makochi ya mtu na ng'ombe, hiyo ni kutekeleza hukumu ya deni moja, si ufilisi. Hata notisi ya kwenda jela ya madeni si ufilisi. Na kampuni haiwi muflisi, kampuni inawekwa chini ya msimamizi ama inafungwa na mfilisi (liquidator), kwa hivyo ukiwa unatafuta kampuni tafuta kwa maneno hayo, usitafute "bankrapsi" ukose halafu useme iko sawa. CR12 ya eCitizen itakuonyesha madairekta na wenye hisa, usiitegemee ikuambie kuna ombi la kuifunga limelala kortini.

Search ya shamba pia watu huiamini kupita kiasi. Inaonyesha kilichosajiliwa: mwenye shamba, chaji (kama limewekwa rehani kwa mkopo), na kizuizi cha kuliuza. Kesi ya ufilisi ambayo haijafikishwa kwa msajili wa ardhi hutaiona hapo.

"Kama hakuna faili kortini, hajafilisika."

Hapa kuna kitu wengi hawajui. Sheria ya 2015 ilileta utaratibu wa mtu asiye na mali ya kuuzwa, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, na huyo haombi kortini, anaomba kwa Ofisho Risiva. Akikubaliwa, wadai wanazuiwa kumfuata kwa hayo madeni na baada ya miezi 12 anafunguliwa kutoka kwa hayo madeni. Sasa wewe utaperuse nini Kisumu? Hakuna. Huyo unamtafuta kwa rejista ya Ofisho Risiva. Ni hapo hapo pia unajua kama muflisi wa kawaida bado amefungwa na amri ya ufilisi ama ameshafunguliwa, kwa sababu si kifungo cha maisha, kwa kawaida ni miaka 3 tangu alete taarifa ya mali na madeni yake, kama hakuna aliyepinga. Ukimkuta Gazetini mwaka 2017 usimwite muflisi leo bila kuangalia. Gazeti lenyewe halifutwi.

Na wale wa kugoogle wakaletewa PACER na Chapter 7 na Chapter 11, hizo ni mambo ya ufilisi wa Marekani. PACER ni mtandao wa rekodi za korti za huko, senti 10 za dola kwa ukurasa, na jina la jirani yako wa Bungoma haliko mle isipokuwa alienda kufilisikia Texas. Tovuti inayokuuzia "Kenya bankruptcy records" kwa dola, achana nayo.

Ukiandikia BRS kuuliza rejista na wakunyamazie, tumia sheria ya kupata habari ya 2016. Ombi ni la maandishi, unaweza kuandika kwa Kiswahili kabisa, hakuna ada ya kuomba isipokuwa gharama ya kutoa nakala, na wana siku 21 za kukujibu. Zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Ombudsman (Tume ya Haki ya Utawala), wako na ofisi Kisumu.