Je, wajua kwanini 1.5 na 1.50 sio kitu kimoja?

Hapa Arusha ukikaa karibu na wanaouza tanzanite utamsikia dalali anasema jiwe lina moja nukta tano, alafu mwenye jiwe anamrekebisha hapohapo, moja nukta tano sifuri. Mwanzoni nilijua wanabishania kitu kilekile, maana shuleni tulifundishwa sifuri ya mwishoni baada ya nukta haiongezi kitu, na kwa hesabu tupu ni kweli, ila ukishaingia kwenye kupima ile sifuri ina kazi kubwa tu.

Ukiandika karati 1.5 unamwambia mtu kwamba umepima mpaka sehemu ya kumi basi, jiwe laweza kuwa popote kati ya 1.45 na 1.55. Ukiandika 1.50 unasema umeenda mpaka sehemu ya mia ukakuta pale pana sifuri kweli, kwahiyo jiwe lipo kati ya 1.495 na 1.505. Karati moja ni gramu 0.2, yaani ile nafasi ya kukosea imeshuka kutoka miligramu 20 mpaka 2, na jiwe zuri linauzwa kwa karati, hapo ni hela ya mtu jamani. Ndo maana simu ikipiga hesabu ikazila sifuri mimi nazirudisha kwa mkono. Ila kama mzani wako hausomi sehemu ya mia usijiongezee sifuri, huo ni uongo.

Sasa shida inakuja kwenye namba isiyo na nukta. Mtu wa Moshi akikwambia ana kahawa kilo 1,500 utajuaje kama kapima kilo kwa kilo au kakadiria kwa mamia? Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaandika mita 5,895 na hakuna anayeuliza. Ila Everest, mwaka 1856 wapimaji wa Waingereza kule India walitangaza futi 29,002, na inasimuliwa kwamba hesabu zao zilitoka 29,000 kamili kabisa, wakaogopa watu watadhani wamekadiria tu, wakaweka hizo mbili juu.

Wanasayansi wao wanaikwepa hiyo kwa kuandika 1.5 × 10³ (10³ ni elfu moja) kama ni makadirio ya mamia, na 1.500 × 10³ kama kila kilo imepimwa, kahawa ni ileile ila sifuri mbili zimeshakwambia mzani ulifika wapi.