Mashine ya wembe ya mwaka 1955 na shingo ya kinyozi

Mganga hajigangi, na kinyozi naye hajinyoi vizuri. Ndevu za watu nimezishika kwa utulivu miaka mingi, lakini zangu nilikuwa nazimaliza kwa dakika mbili asubuhi, kwa kile kiwembe cha plastiki chenye makali matano yaliyopangana. Adhabu yake ilikuwa shingoni: vipele chini ya taya ambavyo kila mteja aliviona akanyamaza kwa adabu.

Wiki sita zilizopita nikabadili. Nilipata mashine kuukuu ya Gillette, aina iitwayo Super Speed. (Nasema mashine, ingawa haina waya wala betri. Ni ile ya chuma inayowekewa wembe mwembamba wenye makali pande mbili.) Chini ya kichwa chake imegongwa alama A2. Herufi inataja mwaka na tarakimu inataja robo ya mwaka, kwa hiyo ilitoka kiwandani kati ya Aprili na Juni 1955. Ukizungusha kitasa kilicho mwisho wa mpini, milango miwili ya juu inafunguka kama mabawa ya kipepeo. Unalaza wembe, unazungusha tena, kazi imekwisha. Nyembe zinazotengenezwa leo zinaingia humo bila taabu.

Wazo la wembe wa kutumia na kutupa lilimjia King C. Gillette, Mmarekani aliyekuwa akisafiri kuuza vizibo vya chupa, kitu ambacho nacho hutumika mara moja kikatupwa. Tatizo halikuwa wazo, lilikuwa chuma: bati jembamba namna ile lilikuwa likipindapinda kila lilipotiwa moto ili likomae. Aliyelitatua ni fundi William Nickerson. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, ziliondoka mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Na ile hadithi kwamba Gillette aligawa mashine bure ili auze nyembe si ya kweli. Mwanzoni mashine moja iliuzwa dola 5, na hizo zilikuwa pesa za maana.

Mashine ya zamani usiilete usoni kabla hujaikagua na kuisafisha. Yangu ilikuwa na sabuni ya miaka iliyoganda kwenye bawaba za milango hadi ikawa kama jiwe. Niliiloweka kwenye maji ya moto ya bombani yenye sabuni ya vyombo, nikaisugua kwa mswaki laini, kisha nikaizamisha kwenye spiriti. Siki sikuigusa, kwani inaweza kula ule mng'aro wa juu. Halafu nikaweka wembe mpya nikatazama dhidi ya mwanga: mwanya kati ya makali na ukingo wa chuma uwe sawa pande zote mbili. Ukiona upande mmoja umepanuka kuliko mwingine, ujue kichwa kimepinda, maana pengine kiliwahi kuangushwa. Iweke kabatini kama pambo.

Siku ya kwanza nilijikata mara tatu, mara moja juu ya koromeo. Mimi, kinyozi! Kosa halikuwa la mashine. Vile viwembe vya plastiki vina kichwa kinachocheza na makali yaliyofichwa kidogo, kwa hiyo ukikandamiza vinakusamehe, na taratibu mkono unazoea kukandamiza. Mashine hii haina msamaha wa namna hiyo. Wembe una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita; milango ikifungwa inaukunja uwe kama upinde, na kule kukunjwa ndiko kunakoupa ugumu. Uzito wa chuma chenyewe unatosha kuusukuma upite kwenye udevu. Ukiongeza nguvu yako, ngozi inajaa kwenye ule mwanya mbele ya makali, na kinachokatwa hapo si udevu.

Dawa niliyoigundua ni kushika mpini kwa ncha za vidole karibu na mwisho wake, mbali na kichwa, ili hata nikitaka kukandamiza nisiweze. Pembe nayo nimeitafuta kwa sikio. Laza kichwa cha mashine shavuni, mpini ukiwa umenyooka kwenda pembeni, hapo wembe haugusi kitu. Teremsha mpini polepole huku ukivuta kidogokidogo mpaka usikie mkwaruzo, kama mtu anayekuna karatasi. Simama hapo hapo. Kwa kipimo ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi, ila nani ana kipimapembe bafuni? Vuta hatua fupi, sentimita mbili au tatu, usuuze, uendelee.

Kabla ya hayo kuna maji. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji, na ushauri huo ni mzuri hata bila fumbo lake. Udevu mkavu ni mgumu kwelikweli; ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Povu la brashi linayashikilia maji hayo yasikauke. Povu zito kama krimu ndilo zuri, lile lenye mapovu makubwa hukauka kabla hujafika kidevuni.

Sasa vipele. Kwenye kichwa chenye makali mengi, la kwanza huuvuta udevu juu kidogo, linalofuata huukata kabla haujarudi. Unaporudi, ncha yake inazama chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka si neno. Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, ile ncha kali inaanza kukua kwa kupinda, inatoboa ngozi kutoka ndani, na mwili unaipiga vita kama mwiba. Wembe wa mashine hii, unaopitisha ukali mmoja tu kwa wakati, unakata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Ngozi haiwi laini kama ya mtoto, na sitaki iwe. Napitisha mara moja kufuata ndevu zinakoelekea, mara ya pili kwa kukata mshazari, wala sirudi kinyume chake kamwe. Shingoni kwangu zinaota kuelekea masikioni, jambo nililolijua baada ya kupapasa kwa kidole siku ambazo sijanyoa. Kufikia wiki ya nne vipele vilikuwa vimepungua kiasi cha kuonekana.

Nikimaliza nasuuza kwa maji baridi na kupitisha shabu iliyolowa. Shabu hufunga damu, lakini mimi naipendea umbea wake: inapochoma ndipo nilipokandamiza.

Wembe mmoja unanifaa mara nne, kisha unaanza kuvuta. Unakwenda kwenye kopo la bati nililolichonga mwanya juu, ili anayekusanya taka asije akajikata.

Wateja wameanza kuuliza, wengine wanataka niwanyoe nayo. Hapo nakataa. Bawaba zile zina vipenyo ambavyo siwezi kuapa kwamba nimeviua vijidudu kati ya mtu na mtu, na tone la damu halionekani kirahisi mle ndani. Wao nawanyoa kwa kiwembe kipya ninachokifungua mbele ya macho yao. Super Speed inabaki bafuni kwangu, milango wazi, ikikauka.